Sura ya Saba: Shahada Mbili kwa Safari Moja

"Hivi kweli mtu anasoma miaka miwili, halafu anapewa shahada mbili za vyuo viwili? Si utapeli huo?"

Swali hili huulizwa Mpanda mjini, Inyonga, Majimoto hadi Karema, hasa kijana wa nyumbani anapomwonyesha mzazi wake tangazo la ufadhili kwenye simu. Anayeuliza ana sababu. Watu wameshalizwa na mawakala wa vyuo hewa, na mzazi aliyeuza mazao ya msimu mzima ili alipe ada hawezi kuamini kila barua yenye nembo.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na ni halali. Jibu refu linahitaji sura nzima, kwa sababu wengi wanadhani shahada ya pili hupatikana kwa kusoma maradufu. Sivyo. Masomo ni yaleyale ya mtu mmoja. Shahada ya pili hulipiwa kwa kuhama: unahama nchi, unahama chumba, unahama hata namna ya kusahihishiwa mtihani, na kila ukihama unaanza upya karibu kila kitu. Nitakachoonyesha hapa ni jinsi kuhama huko kunavyokuwa kwa mwanafunzi anayetokea Katavi.

Mambo matatu yanayochanganywa

Matangazo mengi huyaweka pamoja mambo haya, na tofauti yake ni kubwa:

- *Shahada mbili.* Mwanafunzi anasoma katika vyuo viwili vilivyofunga mkataba. Akihitimu, kila chuo kinampa cheti chake.
- *Shahada ya pamoja.* Vyuo viwili au zaidi vinatoa cheti kimoja chenye saini na mihuri ya vyote.
- *Kubadilishana wanafunzi.* Mwanafunzi anakwenda nje kwa muhula mmoja au miwili, kisha anarudi. Shahada yake ni moja, ya chuo chake cha nyumbani. Hili ni jambo zuri, lakini tangazo linaloliita "shahada mbili" linadanganya.

Programu zinazojulikana zaidi za aina mbili za kwanza ni zile za Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2004. Ni masomo ya uzamili, yaani ya baada ya shahada ya kwanza. Kwa kijana aliyekulia kwenye miombo, mfano wa karibu ni programu ya misitu ya nchi za joto iliyofahamika kwa kifupi kama SUTROFOR, iliyounganisha vyuo vya Copenhagen nchini Denmark, Bangor huko Wales, Dresden nchini Ujerumani, Padova nchini Italia na Montpellier nchini Ufaransa. Mwanafunzi alisoma mwaka wa kwanza katika chuo kimoja na wa pili katika kingine, na vyuo hivyo viwili vikampa shahada.

Hesabu yake inakwendaje? Ufunguo ni krediti, yaani kipimo cha kazi anayofanya mwanafunzi: kukaa darasani, kusoma mwenyewe, kuandika, kufanya mtihani. Kwa mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi, na mwaka wa masomo una krediti 120. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka una krediti 60. (Usishangae basi kuona krediti 60 za kule zina saa nyingi kuliko 120 za hapa.) Shahada ya uzamili ya miaka miwili huko inadai krediti 120. Katika mkataba wa shahada mbili, chuo cha kwanza kinakubali kuzihesabu krediti 60 ulizopata katika chuo cha pili kana kwamba umezipata kwake, na chuo cha pili kinafanya vivyo hivyo. Ukimaliza, kila kimoja kinakuona umetimiza 120 zake. Hakuna muujiza wala wizi hapo, kuna mkataba.

*Kwa ufupi:* uliza kwanza utapewa vyeti vingapi, na nani atavisaini. Tangazo lisilojibu hilo waziwazi liache.

Afrika Mashariki tulikwishapita njia hii

Wazee wetu walioingia chuo kikuu miaka ya 1960 wasingeona jambo hili kuwa geni sana. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Makerere ilikuwa na uhusiano wa namna hiyo na London tangu mwaka 1949. Kisha mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam: sheria ilifundishwa Dar, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere. Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi alifunga begi akaenda Kenya. Chuo hicho kilivunjika mwaka 1970, kila nchi ikachukua chake.

Na mtoto wa Katavi alikuwa mhamaji hata kabla ya chuo kikuu. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita 210, ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi. Yale madini, si ya bunduki. Mgodi ulikufa, treni ikabaki, na kwa miaka mingi ikawabeba watoto kwenda shule za Tabora na kwingineko. Mtu aliyejifunza akiwa na miaka 14 kulinda sanduku lake la bati usiku kucha stesheni ya Kaliua hawezi kutishwa na kiwanja cha ndege cha Frankfurt.

Safari inaanzia Kibaoni

Katavi ilipata kuwa mkoa mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Rukwa. Leo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Kibaoni, katika halmashauri ya Mpimbwe, na moja ya masomo yake ni shahada ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Kwa mkoa ambao asali ya Inyonga inajulikana hadi Dar es Salaam, ni uamuzi wa busara kweli.

Tuseme basi kuna binti wa Inyonga anayemaliza shahada hiyo na anataka programu ya uzamili ya shahada mbili. Shida yake ya kwanza ni kalenda. Programu nyingi za Ulaya hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari kwa masomo yanayoanza Septemba inayofuata. Yeye atamaliza mitihani ya mwisho Julai, na mahafali ni mwishoni mwa mwaka. Akiomba akiwa bado mwaka wa mwisho, hana cheti. Akisubiri cheti, amepoteza mwaka. Programu nyingine humruhusu finalisti kuomba kwa matokeo ya miaka iliyotangulia na barua ya chuo inayosema lini atamaliza. Barua hiyo aiombe mapema, maana ofisi ya usajili haiendi kwa kasi ya mtu mwenye haraka.

Shida ya pili ni makaratasi, na hapa umbali una gharama. Pasipoti mpya ya kielektroniki ni shilingi 150,000, lakini ili aipate anahitaji cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na uthibitisho wa uraia wa wazazi. Kwa familia za Katumba na Mishamo hatua hii ina uzito wa pekee. Makazi hayo yaliwapokea wakimbizi wa Burundi miaka ya 1970, na wakazi wake walikuwa miongoni mwa watu takribani 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania, wakaanza kukabidhiwa hati mwaka 2014. Mtoto wa huko aliyezaliwa hapahapa na kusoma hapahapa anaweza kukwama kwa sababu hati ya baba ilikaa chini ya godoro hadi panya wakaipata. Ni vyema familia izitafute hati hizo kabla hajatokea anayezihitaji.

Halafu viza. Alama za vidole haziwezi kutumwa kwa basi. Lazima mwenye vidole aende mwenyewe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mpanda, na kwa baadhi ya nchi hadi Nairobi. Akikosa karatasi moja anapangiwa siku nyingine. Aliyeko Sinza anapanda daladala kurudi nyumbani. Wa Inyonga anatafuta ndugu wa kumhifadhi wiki mbili, na kila shangazi mwenye chumba cha ziada mjini anageuka kuwa sehemu ya safari ya kielimu.

Alama za mtihani: 1.3 ni kufeli?

Mwanafunzi wetu akifika, jambo la kwanza linalomvuruga kichwa ni alama. Hapa kwetu GPA, yaani wastani wa matokeo yote, hupimwa hadi 5.0, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Ukiwa chini ya 2.0 uko kwenye hatari ya *kudisko*, neno la wanavyuo la kufukuzwa masomo. Ujerumani mambo ni kinyume: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ni kuponea chupuchupu, na 5.0 ni kuanguka. Italia mtihani una alama 30, na anayepata chini ya 18 amefeli. Denmark wana ngazi saba zisizofuatana: 12, 10, 7, 4, 02, 00 na −3. Ndiyo, hasi tatu. Sijui mwalimu anajisikiaje akiiandika.

Unaweza kuyasikia mazungumzo ya simu:

"Mama, matokeo yametoka. Nimepata 1.3."

"Pole, mwanangu. Unarudia lini?"

Mama huyo angeelewa haraka zaidi kama angekumbuka matokeo ya kidato cha nne, ambako divisheni wani ndiyo inayoliliwa. Lakini mwanafunzi wa shahada mbili hafungwi na mfumo mmoja. Akizoea kuhesabu kwa Kidenmark, mwaka wa pili anahesabu kwa Kiitalia, na akirudi nyumbani mwajiri anataka kujua hiyo ni GPA ngapi. Aombe kila chuo karatasi ya maelezo ya mfumo wake wa alama akiwa bado huko. Ukiiomba ukiwa Mpanda, unaiomba kwa barua pepe kwa mtu asiyekukumbuka.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni *desa*. Msomaji asiyepita chuoni ajue kuwa desa ni muhtasari wa somo unaopigwa kopi na kurithishwa kutoka darasa hadi darasa. Anayelikariri vizuri hufaulu. Katika madarasa mengi ya uzamili huko, desa halina kazi. Unapewa makala tano, unaambiwa andika kurasa nane ukieleza ni mwandishi gani amekosea na kwa nini. Kwa kijana aliyefundishwa tangu msingi kwamba mwalimu na kitabu hawapingwi, kuandika "profesa huyu hakupima vizuri" kunatetemesha mkono. Ukinakili maneno ya mtu, programu ya kompyuta inayakamata kabla mwalimu hajafungua kazi yako, na adhabu yake inaweza kuwa ileile ya kudisko.

Darasani, hata hivyo, ana mtaji. Darasa la misitu lina watu wa Brazili, Indonesia, Nepal na Ghana, na wenyeji ambao miombo wameisoma vitabuni tu. Yeye anajua maua ya mti gani huleta asali nyeupe na moto wa Agosti hufanya nini kwenye mzinga wa gome. Wengi wetu huchelewa kugundua kwamba maarifa hayo yanastahili kusemwa kwa sauti.

Giza la saa kumi

Mpanda jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Copenhagen mwezi Desemba jua linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwanafunzi anaingia maktaba gizani, anatoka gizani. Wiki za kwanza hudhani anaumwa. Analala sana, hana hamu ya chakula, anakasirikia ujumbe wa WhatsApp wa watu wanaomtakia mema. Wenyeji wenyewe wanajua hali hiyo na madaktari wao huizungumzia bila aibu, kwa hiyo kwenda kumwona mshauri wa chuo si dalili ya udhaifu wala ya kurogwa.

Chakula husaidia kuliko ushauri. Unga wa mahindi unapatikana katika maduka ya Waafrika, ingawa bei yake ingemchekesha mkulima wa Mwese. Migebuka haipatikani kwa urahisi, ila waliosomea Brussels, ambako pia kuna programu za namna hii, wana bahati ya mtaa wa Matongé. Unaingia dukani kununua sombe na samaki wakavu, unasikia Kiswahili cha Kongo nyuma ya kaunta. Ukimuuliza mwenye duka kwao ni wapi, anaweza kukujibu Kalemie au Moba, miji ya ng'ambo ya ziwa kutoka Karema. Umesafiri mabara mawili kumkuta jirani.

Kuhama katikati: sehemu ngumu kuliko zote

Wanafunzi wanaposimulia programu hizi baadaye, mitihani huipita haraka. Wanachosimulia kwa kirefu ni majira ya joto kati ya mwaka wa kwanza na wa pili.

Mwaka wa kwanza umeshajenga maisha. Una chumba, baiskeli, kanisa au msikiti, daktari, kinyozi anayejua nywele zako. Denmark umepata namba ya utambulisho, CPR, ambayo bila hiyo hufungui akaunti ya benki wala humwoni daktari. Halafu Agosti inafika, na vyote vinakufa siku moja. Kama unakwenda Italia, unaomba viza nyingine, na ukifika una siku nane za kazi kwenda posta kuwasilisha maombi ya kibali cha kuishi. Kama ni Ujerumani, unatakiwa ndani ya wiki mbili ujiandikishe kwenye ofisi ya mji kwamba unaishi mahali fulani. Lakini ili ujiandikishe lazima uwe na nyumba, na wenye nyumba wengi wanataka kuona una akaunti ya benki, na benki inataka kuona umejiandikisha. Wanafunzi wa mwaka uliotangulia ndio wanaojua mlango wa kuingilia katika mzunguko huo. Watafute kabla hujahama.

Fedha nayo hubana hapohapo. Mfadhiliwa wa Erasmus Mundus hupata euro 1,400 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24, na hadaiwi ada. Ukizigeuza kuwa shilingi ni pesa nyingi sana, na huu ndio mtego, kwa sababu jamaa huko nyumbani nao wanazigeuza. Katika hizo anatoa kodi ya chumba, chakula, usafiri, viza na tiketi za ndege. Anapohama, mwenye nyumba mpya anadai amana, yaani fedha ya dhamana, mara nyingi kodi ya miezi miwili au mitatu, wakati mwenye nyumba wa zamani bado hajarudisha ya kwake. Mwezi huo mwanafunzi ana shahada nusu mbili na hana nauli. Waliokuwa wakiishi kwa *bumu*, fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, walikwishajifunza kwamba fedha ikiingia leo si yote ya leo, na ujuzi huo unawafaa.

Lingine ni kwamba programu nyingi huanza kulipa mwanafunzi akishafika. Tiketi ya kwanza na mwezi wa kwanza hutoka mfukoni mwa ukoo. Familia ipange hilo mapema, kwa sababu mikopo ya kawaida ya Bodi inawalenga wanaosoma vyuo vya nchini.

*Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuhama mwaka wa pili:*

- akiba ya kodi ya miezi mitatu, isiyoguswa hata kwa harusi ya binamu;
- nakala za vyeti vyote kwenye karatasi na kwenye barua pepe;
- namba ya simu ya mtu mmoja anayesoma tayari katika mji unaokwenda.

Utafiti unaweza kukurudisha nyumbani

Muhula wa mwisho ni wa tasnifu, yaani andiko refu la utafiti wako mwenyewe. Katika fani za misitu na mazingira wengi hukusanya data katika nchi za joto, kwa hiyo binti wa Inyonga anaweza kujikuta kwao Mlele tena, akihesabu mizinga kwa ajili ya vyuo viwili vya Ulaya. Akitaka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kuwa mzaliwa wa huko hakumpi ruhusa. Utafiti wa wanyamapori unahitaji kibali kupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na kibali huchukua muda. Msimamizi wake wa tasnifu wa chuo cha kwanza atataka takwimu zaidi, wa chuo cha pili atataka mahojiano zaidi. Awaandikie wote wawili katika barua pepe moja, kila mara, ili wabishane wao kwa wao.

Vyeti vikirudi Tanzania

Cheti cha nje hakiwi na nguvu hapa kwa kupendeza kwake. Hupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ili kitambuliwe, na vyeti viwili ni maombi mawili ya kutambuliwa. Fani zenye bodi zake, kama uhandisi na udaktari, zina usajili wa ziada. Ni bora kuiuliza TCU kuhusu vyuo husika kabla ya kuondoka nchini kuliko baada ya kurudi.

Mwajiri je, anavutiwa na shahada mbili? Kwa maoni yangu havutiwi kama wanavyoahidi watangazaji. Mfumo wa ajira serikalini hauongezi mshahara kwa sababu una vyeti viwili vya ngazi moja. Faida iko kwingine: umefanya kazi na watu wa mataifa kumi, una walimu wa nchi mbili wa kukuandikia barua, na umejifunza kuanza upya bila msaada. Mashirika ya kimataifa na vyuo vinavyotafuta wahadhiri huliona hilo upesi zaidi.

Kuna tatizo moja dogo linalowakwamisha wengi. Matangazo ya Ajira Portal husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Vyeti vya programu hizi huchelewa, hasa vile vya pamoja, kwa sababu vinazungushwa kutoka chuo hadi chuo vikisainiwa, na mhitimu anarudi nyumbani akiwa na barua tu. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi funguo za chumba, aiachie ofisi ya programu anwani ya posta inayofanya kazi. Nyumba nyingi za Mpanda hazina sanduku. Hutumia la shule, la parokia au la ofisi ya mjomba. Amuulize mjomba kwanza kama ada ya sanduku ya mwaka huu imelipwa.